Kilichokosekana Shambani Kilikuwa Mtoni

Vijana wa hapa Nguvumali mnanicheka. Kila nipitapo penye mtaro nasimama, nainama kidogo, nanusa, ndipo naendelea na safari yangu ya sokoni au msikitini. Mmoja wenu, aliyerudi likizo kutoka chuo cha kilimo, aliniuliza juzi, "Babu, hivi unatafuta nini humo?" Nikamjibu, "Namtafuta mwenye maji haya." Akacheka, akadhani namfanyia mzaha. Nilikuwa nasema kweli tupu. Maji machafu yana kwao. Pua iliyozoea inajua kama yametoka jikoni, chooni, gereji au machinjioni, na ukishajua yalikotoka ndipo unaweza kuuliza yanakokwenda. Maisha yangu yote ya kazi yalikuwa maswali hayo mawili.

Basi kaeni niwaeleze nilivyojifunza. Mnasoma habari za udongo na maji vitabuni, na vitabu ni vizuri, lakini kitabu hakimwashi mtu miguu. Mimi somo langu la kwanza liliniwasha hadi magotini.

Nasema habari za miaka ya hamsini, Mwingereza angali ndiye serikali. Nilikuwa kijana wa kutafuta mke, nikapata kazi kwenye shamba moja la mkonge upande wa Maramba. Jina lake naliacha, wenye nalo wameshakwenda zao. Nilitaka kazi ya reli ndogo, ya kusukuma matroli, kwa sababu wasukuma troli walikuwa wakiimba na wasichana wakiwatazama. Nikapewa mtaro.

Kwa wasioijua, korona ni mashine inayokwangua jani la mkonge mpaka zibaki singa, yaani nyuzi zake. Singa zile zilianikwa kwenye waya zikawa nyeupe, zikafungwa marobota, zikateremshwa bandarini Tanga. Kila mtu shambani pale alitazama singa. Sisi genge la mtaro tulitazama kilichobaki, nacho ndicho kilichokuwa kingi, karibu jani zima. Nyama ya jani, utomvu wake na maji ya kuoshea vilitoka chini ya korona kama uji wa kijani, vikashuka kwa mtaro wa saruji hadi kijitoni. Kazi yetu ilikuwa kuhakikisha uji ule hauzibi njia.

Mnyapara wetu aliitwa Mzee Gaspari. Alikuwa Mmatengo, Mkatoliki wa rozari shingoni, aliyeletwa na mkataba wa manamba kutoka kusini kabisa. Mkataba ukaisha yeye akabaki, kwa kuwa alikwisha oa. Asubuhi yangu ya kwanza nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Suruali ndefu unayo?"

"Sina."

"Basi leo utacheza bila ngoma kupigwa."

Saa sita haijafika nilikuwa nacheza. Utomvu wa mkonge ukikauka kwenye ngozi unawasha kama upupu. Wenzangu waliegemea makoleo yao wakanitazama. Mzee Gaspari aliniacha niruke kidogo, halafu akanipa majivu ya jikoni kwenye kopo. "Jipake. Utomvu huu ni mchachu. Majivu huukata uchachu." Nikajipaka, na kweli, moto ukapoa. Sikujua kwamba nimeshaanza kusoma kemia. Nilijua tu kwamba mzee huyu ana jambo la kufundisha, nikaamua kumwandama.

Kijito kile tulikiita Mbwego. Kikitoka shambani kilipinda mara kadhaa kisha kikapita kijijini kwetu. Mimi ni Mdigo, na mama yangu mzazi, Mwanamkasi, alikuwa akiishi huko huko chini pamoja na dada zangu. Wakati wa masika hakukuwa na tatizo la kuonekana, mvua ilikuja na kuyabeba yote hadi baharini. Kiangazi ndicho kilichotuumbua. Maji yalipungua, uji wetu haukupungua. Mbwego ukageuka rangi ya chai ya rangi, halafu ukawa mweusi, na penye maporomoko madogo pakasimama povu kama la sabuni. Perege walielea matumbo juu. Hata kambare, ambaye mnajua anaweza kuishi kwenye tope, alikuja juu akitweta, mdomo wazi, kama mtu aliyekimbia.

Wanawake wa kwetu hawakuchota maji mtoni moja kwa moja. Walichimba visima vifupi kwenye mchanga wa ukingoni, maji yakachujika yakatoka safi. Kiangazi kile mchanga haukuchuja kitu. Nilipokwenda nyumbani siku ya mapumziko mama alinipa kigoda, akaniuliza habari za kazi, lakini hakunikaribisha maji. Mtu na adabu zake, mama yule. Nikamwuliza, "Mama, maji ya kunywa je?"

"Yamo mtungini," akasema. "Ukijipa moyo, kunywa."

Watoto wa dada yangu walikuwa wamekaa kivulini, wana vipele na matumbo yanawasokota. Nikarudi kazini nimenuna. Nikamweleza Mzee Gaspari, naye hakunipa maneno ya kunituliza. Alivua kofia, akaenda ofisini.

Meneja wetu alikuwa Mzungu mrefu tuliyemwita Bwana Upesi, kwa sababu neno lile halikumbanduka mdomoni. Jibu lake nalo lilikuwa la upesi: chimbeni shimo, uchafu uingie humo badala ya mtoni. Tukachimba. Tulichagua mahali penye mchanga karibu na uwanja wa kuanikia, na sote tulifurahi, kwani ardhi ile ilikunywa kama mgonjwa wa homa. Unamwaga asubuhi, jioni shimo limeshuka. Tukajiona mafundi. Mbwego ukaanza kupata nafuu.

Halafu kisima cha kambi ya wafanyakazi kikaanza kunuka. Meneja akasema panya amefia humo. Tukakivuta maji, tukashuka kwa ngazi, hatukuona panya wala mkia wake. Kisima kile kilikuwa mbali na shimo letu, kuna nyumba na njia ya troli katikati, na hakuna aliyetaka kuamini kwamba vitu hivi viwili vinajuana.

Aliyekuja kutuonyesha alikuwa Elia, bwana shamba msaidizi. Alikuwa Msambaa wa milimani, Mlutheri, kijana mwenye miwani na baiskeli iliyong'aa kuliko viatu vyake. Hakuletwa na habari za kisima. Aliletwa kwa ajili ya mkonge wenyewe, maana kwenye vitalu vya zamani majani yalikuwa yanashikwa na utepe wa kahawia pale chini yanapoungana na shina, yananyauka hapo, yanavunjika kabla ya kukatwa. Lakini Mzee Gaspari alimpitisha kisimani kwanza, akampa kata ya maji anuse. Elia akanusa, akaangalia mteremko wa ardhi, akauliza, "Chumvi ya mawe inapatikana hapa?"

Ilipatikana, kwa watu wa pwani wanaoivuna. Tukamwaga magunia yake ndani ya shimo mbele ya meneja, ambaye alidhani tumeshikwa na wazimu. Kisha tukangoja. Siku zikapita bila lolote. Genge likaanza kumwita Elia "Mpishi". Mimi nilikuwa naonja maji ya kisima kila nikipata nafasi, kwa ncha ya ulimi, naambiwa na wenzangu, "Yakhe, hata leo hayajakolea?"

Habari ililetwa na ugomvi. Kambini palikuwa na mama mmoja, Bi Agnesi, hodari wa maharage. Asubuhi moja mumewe akamlaumu kwamba maharage yamezidi chumvi. Akaapa hakuzidisha. Jirani akasema na yake yamezidi. Nyumba ya tatu wakasema hata chai yao ina chumvi kwa mbali. Wakaanza kushukiana uchawi. Elia alipopata habari alikimbia, miwani mkononi, akaonja maji, akacheka peke yake kisimani kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Maji ya shimo letu yalikuwa yamesafiri chini ya nyumba, chini ya njia ya troli, polepole, hadi ndani ya ndoo ya Bi Agnesi. Na kama chumvi imefika, vingine navyo vimefika.

Ngoja niruke kidogo. Miaka mingi baadaye nilikuwa kazini hapa mjini Tanga, idara ya maji, na pale Makorora jirani wawili nusura wakatane mapanga. Mmoja alisema kisima chake kimeharibiwa na choo cha mwenzake, mwenzake akasema choo chake kina kuta nzuri za mawe. Nikakaa nao barazani, nikaomba chumvi. Wakafikiri nataka kuwaapisha! Nikaitia chooni, nikawaambia tuonane baadaye, na kila mmoja aonje maji ya kisima kwa ulimi wake mwenyewe. Walipoonja hawakupigana. Walihamisha choo pamoja, wakasaidiana kuchimba kipya upande wa mteremko wa chini. Kumbukeni hilo, ninyi mnaojenga vijumba vyenu vipya. Ukuta unazuia mtu kuona, hauzuii maji kwenda. Kabla hujachimba choo uliza ardhi inainamia wapi, na uliza chini kuna mchanga, udongo mwekundu au mwamba uliopasuka. Mwamba wetu wa matumbawe una mifereji ndani yake. Maji machafu yakiingia humo hayaendi polepole, yanakimbia.

Turudi shambani. Shimo likafukiwa, na kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kumwaga, meneja akaamuru mtaro urudishwe kijitoni. Sasa kambi ikapona, na kijiji chetu kikarudi kule kule. Nilimwambia Mzee Gaspari kwamba naacha kazi. Akaniambia, "Ukiacha, mtaro utakuwa umesimama? Kaa. Mtu wa kuuzuia lazima awe karibu nao." Nikakaa, lakini kwa hasira.

Hasira ya kina mama ilikuwa kubwa kuliko yangu. Asubuhi moja, tumekwisha anza kazi, nikaitwa ofisini upesi. Nilifika miguu ya kijani, nikakuta wanawake wa kijijini kwetu wamejipanga mbele ya baraza, kila mmoja na mtungi wake umetuliwa chini. Aliyesimama mbele alikuwa mama yangu.

Bwana Upesi alijua Kiswahili cha amri, lakini mama alikuwa anasema Kidigo, na kwa makusudi, kwa sababu Kiswahili alikijua. Meneja akanigeukia. "Wewe Mdigo. Shauri gani hii? Sema."

Mama akanitazama kama mtu asiyenijua. Hakuniita mwanangu. Nikaelewa mara moja: alikuwa anailinda kazi yangu. Akasema, "Wewe karani wa leo, mwambie bwana hatukuja kugombana. Maji haya yametoka kwake, tumeyarudisha."

Nikatafsiri.

"Waambie wayachemshe," meneja akasema.

Nikatafsiri.

"Mwambie tumeyachemsha. Yakichemka ndipo yananuka zaidi. Mwambie tunamwomba jambo moja tu. Mpishi wake apike chai kwa maji haya, naye anywe, sisi tutamsubiri hapa hapa."

Nilijua namna ya kulainisha. Ningeweza kusema wanaomba msaada wa maji, wanamsalimu, mambo kama hayo, na kila mtu angeondoka. Mzee Gaspari alikuwa amekuja nyuma yangu, sikumwona lakini nilisikia rozari yake inagonga kifungo cha shati. Nikayasema maneno ya mama yote kama yalivyo.

Meneja akaniuliza, "Hayo ni maneno yake au yako?"

"Yake, bwana. Lakini hata mimi nasema hayo hayo."

"Unamjua huyu mama?"

"Ni mama yangu mzazi."

Mama alifyonya kwa nguvu. Alikuwa amejitahidi kunificha, na mimi nimejitoa mwenyewe. Nilingoja kuambiwa chukua vyako uondoke. Badala yake meneja alimwita mpishi, mpishi akaubeba mtungi wa mama ndani. Tulingoja pale mpaka chai ikaja, kwenye kikombe cha udongo mweupe chenye maua. Meneja aliinua, akanusa, akaonja. Akageuka akaitema nje ya ukuta wa baraza. Kisha, na hapo ndipo nilipomheshimu, akasema bila haraka yoyote, "Waambie nimesikia. Na kamtafute bwana shamba."

Elia alikuja na makopo mawili ya maziwa aliyoyatoboa chini. Siku ile barazani pale nilisoma darasa ambalo sijalipata tena. Kopo moja alilijaza mchanga wa kijitoni, la pili udongo mwekundu wa vitalu vya juu. Akamimina maji yenye wino wa buluu juu ya yote mawili. Kwenye mchanga ulitoka wino vile vile. Kwenye udongo mwekundu yalitoka maji meupe. Meneja akavutiwa, akasema basi tumwage kila kitu kwenye udongo mwekundu, kwisha.

"Bado, bwana," Elia akasema. Akamimina maji ya chumvi kwenye kopo la udongo mwekundu, akangoja, akampa meneja matone yaliyotoka aonje. Yalikuwa ya chumvi. "Udongo una mikono, lakini haushiki kila kitu. Kuna kinachoshikwa kama wino na kuna kinachopita kama chumvi."

Ndipo akaeleza ule utepe wa kahawia. Akasema mkonge unavuta chakula kutoka ardhini, unakiweka kwenye majani. Tunayakata majani, tunachukua singa, na kile chakula chote kinaenda mtaroni. Vitalu vya zamani vimekatwa msimu hadi msimu bila kurudishiwa kitu, vimechoka, vimekuwa vichachu. "Mkonge wako una njaa, bwana, na chakula chake kimo mtoni. Kikiwa shambani ni mbolea. Kikiingia mtoni kinaoza, na kuoza kunatumia pumzi iliyomo kwenye maji. Samaki anakufa kwa kukosa hewa, kama mtu aliyefungiwa sandukuni."

Vijana, niliyasikia yale nikamkumbuka kambare anatweta. Nilikuwa nimeyaona yote kwa macho yangu, na sikuwa nimeyaunganisha. Kitu kile kile! Kilichokosekana juu ndicho kilichozidi chini. Tangu siku ile, nikiambiwa kitu fulani ni sumu, nauliza kwanza: kiko wapi, na kiasi gani?

Meneja akauliza swali zuri. "Na kisima cha kambi?"

"Tusimwage mahali pamoja," Elia akasema. "Tutandaze mbali na visima, kidogo kidogo, mizizi ipate kula kabla chumvichumvi haijapita chini."

Tukapewa kitalu kimoja chenye mkonge mgonjwa kwa majaribio. Sasa kazi ikawa kazi. Kwanza tulitengeneza chujio la fito kwenye mtaro, nyama ya jani ikabaki juu, maji yakapita kwenda kwenye mabwawa mapana yasiyo na kina, humo yakatulia, yakatiwa chokaa ya matumbawe kupunguza uchachu, kisha yakaongozwa kwa vijifereji kando ya mteremko. Kwenye njia ya zamani ya kwenda mtoni tukaweka mlango wa mbao ngumu, wa kuinuliwa kwa mpini, tukaufunga. Nyama ya jani tuliirudisha shambani kwa troli. Hilo lilikuwa wazo la Mzee Gaspari. Troli zilileta majani kiwandani zikarudi tupu, yeye akauliza kwa nini zirudi tupu. Wasukuma troli walitaka kutuua. Nyimbo zikakoma. Wasichana nao wakaacha kuwatazama, kwa sababu ya harufu.

Msimu wa kwanza tuliharibu. Elia alituelekeza tuweke marundo mabichi karibu na miche, na marundo yakapata joto. Nilitia mkono ndani ya moja nikautoa haraka, kama nimeugusisha sufuria. Miche ikanyauka. Elia alizunguka kitalu chote, akavua miwani, akasema, "Nimeikaanga." Wengine wangetafuta wa kumlaumu. Yeye alikaa chini, juu ya ardhi ile ile, akamwuliza Mzee Gaspari, "Huko kwenu mnafanyaje na majani?"

Mzee akamweleza kwamba Umatengo milimani watu hulaza nyasi zilizokatwa, huzifunika udongo, huziacha zioze, ndipo wapande juu yake. Wala hawapandi siku hiyo hiyo. Tukajaribu hivyo. Tukatandaza makapi, tukayageuza kwa koleo, tukayaacha mpaka yakawa meusi, hayana joto, yananuka kama msitu baada ya mvua. Hiyo ndiyo harufu ya mbolea iliyoiva, na mkiijua hamtahitaji kipimo kingine. Ikinuka kama siki, bado. Ikinuka kama yai bovu, imekosa hewa, igeuze.

Baadaye Elia alituletea vile vikaratasi vinavyobadilika rangi ukivichovya, ukajua uchachu bila kuuonja. Mzee Gaspari alivipenda sana. Alivichovya kila mahali, hata kwenye togwa ya Bi Agnesi, akafukuzwa kwa mwiko.

Mwaka haukutosha. Mnajua kinachowashinda watu wengi kwenye kazi hii? Ardhi haijibu siku uliyoiuliza. Wapo waliosema tumepoteza jasho bure. Lakini masika yalipopita, kitalu chetu kilitoa majani ya katikati yaliyosimama wima, mapana, hayana utepe. Meneja alipita akiyashika moja moja kwenye shina. Kisha akaamuru vitalu vingine vifuate, na safari hii neno upesi lilitufurahisha. Mto ulichelewa zaidi. Tope jeusi lililolala chini yake liliendelea kunuka hata baada ya mtaro kufungwa, kila likikorogwa na mvua. Mama aliniambia mnatudanganya. Nikamwambia tope lile ni la tangu zamani, tungoje. Alingoja akiwa amekunja uso. Kiangazi kilichofuata visima vya ukingoni vikatoa maji meupe, na vipele vya watoto wa dada vikakauka.

Ingekuwa hadithi ningeishia hapo. Ila Bwana Upesi alihamishwa, akaja mwingine, mnene, aliyetaka korona isilale. Elia naye alikuwa amepelekwa kituo kingine huko Usambara. Mzee Gaspari alikuwa amechoka mgongo, akakaa kivulini kunoa makoleo, unyapara wa mtaro nikaachiwa mimi. Mvua kubwa ya kufungia masika ikakata reli ndogo, matroli yakasimama, makapi yakarundikana mpaka kwenye miguu ya mashine. Meneja mpya akaja mwenyewe mtaroni, viatu vyake vinazama.

"Fungua mlango. Iende mtoni. Mpaka reli itengenezwe."

"Bwana, simamisha korona. Reli itatengenezwa haraka tukienda sote."

"Sikukuuliza. Fungua."

Nilijua hiyo "mpaka". Mlango ukifunguliwa mara moja kwa haraka, mara ya pili hufunguliwa kwa mazoea. Na ulikuwa mwanzo wa kiangazi, mto ulikuwa unaanza kupungua. Nikamwambia, "Sitafungua."

"Basi huna kazi."

Nikaweka koleo chini, nikampa ule mpini wa kuinulia mlango. Yeye akauchukua akampa aliyesimama kando yangu. "Wewe sasa mnyapara. Fungua." Yule bwana akasema bega lake limeteguka tangu jana. Akampa mwingine. Huyo akasema amefiwa, na kwao mfiwa hashiki mbao. Wa tatu akasema haoni vizuri. Wa nne, Mungu amsamehe, alikuwa anazungumza vizuri tangu asubuhi, lakini alifungua mdomo akaonyesha kwa vidole kwamba hawezi kusema. Mzee Gaspari, pale kivulini, akasema kwa sauti, "Mimi nafungua, bwana, ila kwa mgongo huu labda hadi Pasaka."

Hakuna aliyecheka. Meneja alisimama na mpini ule mkononi, peke yake, katikati ya watu wasioutaka. Mlango ulikuwa mzito, mtu mmoja asingeweza kuuinua. Akatazama makapi, akatazama sisi. Mwishowe aliutupa mpini, akaenda zake, na baada ya muda tukasikia korona inapunguza mlio, inapunguza, ikanyamaza. Genge zima likachukua makoleo likaelekea kwenye reli.

Mimi sikurudishiwa kazi. Nilikunja blanketi langu, nikaagana na Mzee Gaspari, nikashuka kwa njia ya kijitoni hadi nyumbani. Kutoka huko ndipo nikaja mjini, idara ya maji ikanichukua, nikafanya kazi hiyo hiyo ya kuuliza yametoka wapi na yanakwenda wapi hadi nilipostaafu. Lakini siku ile sikujua hayo. Nilijua tu kwamba sina kazi.

Mama alikuwa anapepeta mchele uani. Akaona blanketi, akaacha kupepeta.

"Wamekufukuza?"

"Wamenifukuza."

"Na mlango?"

"Umefungwa."

Akasogeza ungo pembeni, akanipisha nafasi mkekani. "Basi kaa," akasema. "Chakula kinaiva sasa hivi."